Mtani Wangu Mbele ya Bwana Shauri

Jumamosi, mvua tangu alfajiri. Bandarini wameturudisha, kwa kuwa marobota ya mkonge hayapakiwi yakilowa. Nimekaa kibarazani, shati limenigandia mwilini, na kwa mara ya kwanza nimeitamani kazi. Mtu aliyebeba mzigo kichwani hapati nafasi ya kufikiri.

Jana nilikwenda bomani kuomba kibali cha kukaa nchi hii moja kwa moja.

Mimi ni Myao, ila Myao wa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Nilivuka mto nikikimbia kulimishwa pamba kwa kiboko. Sasa hapa mjini wanawasaka wasio na kibali, na watu wa kwetu wanarudishwa mpakani. Nikirudishwa, kiboko kinaningoja palepale nilipokiacha. Mke wangu Mwajuma ni Mzaramo wa hapahapa Temeke, na mimba yake imekuwa kubwa. Hawezi kunifuata.

Masharti yenyewe si mengi. Uwe na kazi, uwe na pa kulala, na uwe na mtu aliyekujua tangu ulipofika, aseme kwamba umekaa miaka mingi na hukuleta fujo. Kazi ninayo. Tunalala nyumbani kwa mama mkwe. Shahidi nilimchukua Komba.

Komba ni Mngoni wa Songea, kuli mwenzangu, na ni mtani wangu. Babu zetu walipigana vita, sisi wakatuachia matusi. Nikifa, yeye ndiye atakayechimba kaburi langu huku akinicheka. Niliona hakuna shahidi bora kuliko huyo.

Bwana Shauri wetu, Mzungu anayeamua mashauri ya bomani, anakijua Kiswahili. Kila neno analijua, na hapo ndipo penye balaa. Alimwuliza Komba kama ananifahamu.

"Huyu?" Komba akasema. "Huyu ni mtumwa wangu, Bwana. Babu yangu alimteka babu yake, akamwacha njiani kwa kuwa hana nyama. Na huyu naye kavuka mto juzi tu. Mtazame miguu, haijakauka."

Watu waliokuwa wakingoja barazani walicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana mtani akikutukana mbele za watu amekutambua. Kwetu sisi ushahidi huanzia hapo: kwanza matusi, halafu maneno yenyewe.

Bwana Shauri hakucheka. Aliandika.

Komba alipoona kalamu inatembea akavua kofia. "Ule ulikuwa utani, Bwana. Sasa nasema kweli. Huyu ni mtu wa siku nyingi hapa."

"Mbele yangu hakuna utani. Ama umesema uongo kwanza, ama unausema sasa."

Karani wake alijua kuwa ni utani. Ni mtu wa bara, na kwao pia wana watani wao. Aliinamisha kichwa akachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Simlaumu. Naye ana watoto.

Nimepewa mpaka Jumatatu nilete shahidi mwingine. Nisipompata, nitapandishwa gari la kusini.

Nina hasira, na sina pa kuipeleka. Mtani hakasirikiwi. Nikimkasirikia Komba, utani umekufa, na mtu asiye na mtani hapa ugenini ni kama mtu asiye na ndugu.

Jana jioni alikuja hapa. Nilingoja anitukane. Akasema, "Pole, Saidi."

Tangu tujuane hajawahi kuniita kwa jina langu.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa bomani. Nikamwambia, "Nyie Wangoni mlishindwa kutumaliza kwa mikuki, sasa mmeazima kalamu ya Mzungu." Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kofia.

Nimewatafuta wengine kichwani. Wale niliofika nao wamekwisha kukamatwa, au wamejificha mashambani huko Ubungo, na aliyejificha haendi bomani kushuhudia. Amebaki mtu mmoja aliyeniona siku ile nilipofika, nikiwa na kilemba kichafu na kidonda mguuni. Ni mama mkwe. Kabla sijamwoa bintiye nilikuwa mpangaji katika banda lake la uani.

Lakini tangu niwe mkwe wake, hatutazamani. Nikipita anajifunika kanga usoni, nami nakwepa kando ya njia. Akitaka kuniambia neno anamwambia Mwajuma, hata kama nimesimama palepale. Hiyo ndiyo heshima, na nimeishika vizuri.

Leo asubuhi nilimtuma Mwajuma amwombe. Nikasikia jibu mwenyewe, kupitia ukuta wa udongo:

"Mwambie mumeo nitakwenda. Alikuja mwaka ule upepo ulipoezua nyumba. Yeye ndiye aliyepanda juu kuezeka, na mguu wake mbovu. Nitasahauje?"

Ilinipasa kufurahi. Nimeshindwa. Mmoja ana ruhusa ya kusema lolote juu yangu, na amenifunga. Mwingine hana ruhusa hata ya kunitazama, na yeye ndiye wa kunifungua.

Jumatatu nitamfuata kwa nyuma mpaka bomani, macho chini. Bwana Shauri atamwambia afunue uso, amwangalie mtu huyu vizuri, aseme kama ndiye. Wazungu hupenda kuuliza hivyo.

Mama yule hajauona uso wangu tangu harusi. Akigeuza macho pembeni kwa heshima, kalamu itaandika nini?