Viazi Walivyokula Paka wa Kuze

Kuze, Mombasa

Mdogo wangu mpenzi Nyambura,

Natumaini maneno haya yatakukuta umeketi, mguu umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, wala hukimbizani na ndama. Goti linasemaje? Yale maumivu ya usiku yamepungua? Najua baridi ya Kinangop haikusaidii. Sisi hapa tu wazima. Mjukuu wetu Njeri ameota meno ya nyuma na anamwita kila mtu "wewe". Joto ndilo linaloninyima raha, lakini kwa umri wangu afadhali joto kuliko umande.

Ujumbe wako wa kuniita niliupata. Ulisema hospitali imekupa nafasi ya upasuaji, na huna mtu wa kukaa nyumbani na ng'ombe utakapokuwa kitandani. Sikunyamaza kwa kukupuuza. Wairimu yuko ofisini bandarini tangu asubuhi, mumewe Kamau yuko gatini Mbaraki, na mimi ndiye ninayekaa na mtoto. Nikiondoka, ni lazima Njeri aachwe kwa mtu. Aliyejitolea ni jirani yetu wa chini, Bi Rukia, na huyo, Nyambura, sikumwamini hata kidogo. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Hapa Kuze nyumba zimesongamana hata jirani akikaanga kitunguu unajua. Katika mwezi wa Ramadhani, ikikaribia magharibi, sahani hupita mlango kwa mlango, nasi Wakristo wa ghorofani hatukusahauliwa. Mara Bi Rukia alituletea kaimati, mara mkate wa kumimina, mara viazi vyao vya rojo. Na kwa watu wa hapa ni aibu kumrudishia mtu sahani yake tupu. Basi lilipofika lile gunia lako la viazi vya shangi, pamoja na rosemari ya uani kwako, nikasema sasa atajua mwalimu wa sayansi kimu anapika nini.

Unavijua viazi vyangu vya kuoka, lakini nikukumbushe, maana wewe hupenda kuruka hatua. Vimenye, vikate vipande vikubwa, uvichemshe kwa maji ya chumvi mpaka kisu kiingie bila kusukumwa. Shangi huiva upesi, kwa hiyo usiende kuangalia kuku. Mwaga maji, viache vitoe mvuke mpaka vikauke, kisha funika sufuria uitikise ili kingo zichubuke; ule ungaunga unaotokea pembeni ndio utakaokuwa gamba. Mafuta yawe yamepata moto kwenye trei ya oveni kabla viazi havijaingia. Rosemari na kitunguu saumu vije mwishoni, la sivyo vitaungua na kuwa vichungu. Vikiiva sawasawa, utavisikia vikivunjika menoni.

Nilimpelekea sahani imejaa. Akaipokea kwa mikono miwili: "Ahsante sana Mwalimu, Mungu akuzidishie." Kesho yake nikipita kichochoroni kwenda dukani, nikawaona paka wawili chini ya dirisha lake wakila. Nikainama. Nyambura, ni viazi vyangu, na rosemari juu yake!

Baada ya siku kadhaa nilipika tena, nikapeleka tena, kisha nikakaa dirishani kama askari. Mlango wake ukafunguka kidogo, mkono ukatoka na viazi juu ya gazeti, paka wakaja. Tangu hapo kila jambo lake nililitilia shaka. Kwa nini anichekee hivyo? Kwa nini asikie habari za goti lako na siku hiyohiyo aniambie, "Nenda kamuuguze nduguyo, Njeri niachie mimi"? Anataka nini? Anayetupa chakula changu kwa siri, mtoto atamfanyia nini kwa siri?

Wairimu alinicheka. "Mama, wewe ungemshuku hata malaika ukimkuta ngazini."

"Malaika hatupi viazi," nikamjibu.

Mwisho nilishuka kumuuliza. Nilimkuta uani akipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria yenye mkate.

"Bi Rukia, viazi vyangu vina kasoro gani?"

Akaweka koleo chini. "Mbatata zako? Nani kakwambia zina kasoro?"

"Paka."

Akacheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. "Lo, Mwalimu! Wanichungulia?"

"Nakuchungulia."

"Haya, mie nawe tu watu wazima. Wapikia mafuta gani?"

"Ya alizeti. Nimenunua Bondeni."

"Na yale majani?"

"Yanatoka uani kwa mdogo wangu. Si dawa, ikiwa ndiyo unayoogopa."

"Majani siogopi. Ile trei je? Huokea nini chengine?"

Kila Jumapili Kamau huoka soseji za nguruwe kwenye trei hiyohiyo. Miaka yote ile niliwafundisha wasichana wasichanganye kibao cha nyama na cha matunda, na hili halikunipitia akilini!

"Harufu hunishukia," akasema taratibu. "Ningekwambiaje? Ungeona nakudharau. Na kukurudishia chakula chako siwezi."

Akaingia ndani, akatoka na sufuria nzito na mfuniko wake. "Hii iwe ya mbatata zetu. Pika hapa hapa, makaa chini, makaa juu." Tukapika. Gamba lilitoka kavu kuliko la oveni, nakubali kwa shingo upande. Ilipoadhiniwa magharibi alikula, nami nikamkazia macho mpaka akameza.

Je, nilimwamini? Hapana. Aliyeweza kunificha jambo huku akitabasamu anaweza kunificha jingine. Kwa hiyo asubuhi moja nilimwachia Njeri, nikamwambia nakwenda posta na sitarudi kabla ya adhuhuri. Nikazunguka msikiti, nikarudi kimya, nikavua viatu na kusimama nje ya mlango wake. Ndani mlikuwa na mgeni, mwanamke, na Njeri alikuwa akilia.

"Mpe hata kashata moja anyamaze," mgeni akasema.

"Hapewi."

"Kashata tu, Rukia! Ina nini?"

"Ina njugu. Sijui kwao humpa njugu au hawampi. Nyanya yake akirudi nitamuuliza. Mpaka hapo atakunywa maji."

"Umeipika mwenyewe, bado waishuku?"

"Naishuku. Mtoto si wangu. Njoo hapa Njeri, usilie. Bibi wa juu akija tutamuuliza, eeh?"

Nikavaa viatu vyangu palepale. Nyambura, mtu anayeshuku kashata ya jikoni mwake mwenyewe, huyo naweza kumwachia Njeri.

Basi waambie hospitali kwamba nafasi hiyo unaichukua. Wairimu amekubali, na Bi Rukia ameshaniuliza mtoto hula nini na hali nini mpaka nimechoka kujibu, mimi!

Nisalimie kaka yetu mkubwa Gitau, na shangazi Wambui anayekuombea kila asubuhi. Msalimie pia jirani yako Karanja aliyeezeka zizi, mwambie nitalikagua. Na huyo daktari wako, asiliguse goti kabla sijafika. Nina maswali ya kumuuliza.

Dada yako akupendaye, tayari anafunga mizigo,

Wanjiru