Sahihi ya Babu

Tarehe 4 Februari

Kwako baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na msumeno haujamaliza masikio yaliyobaki. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nimepata chumba, ukanijibu, "Hata mimi sijambo." Kwa hiyo naandika. Mimi ni mzima, ila mikono imebabuka kwa mvuke wa pasi. Shuka za hoteli hazina mwisho.

Baba, nimeletewa wito wa mahakama. Mume wangu anadai talaka. Hilo halinilizi, ndoa ilishabaki jina tu kabla sijaondoka. Linaloniliza ni karatasi ya pili: anaomba mwanetu Chiriku akae naye moja kwa moja, eti mimi nilimtelekeza. Nilimwacha ana miaka minne ili nitafute kazi. Tulikubaliana mwaka mmoja, ikawa miwili. Sasa chumba ninacho, kina dirisha, na shule iko mtaa wa pili. Aliyebaki ni mtoto mwenyewe.

Wenzangu wananiambia tafuta wakili, kama vile mawakili wanauzwa gengeni. Sijui nianzie wapi. Kesi iko huko kwenu, nenda ukaniulizie. Na unipe habari zake. Wewe unayemwona kila Jumamosi una bahati ambayo hata huijui. Mimi hamu yake hunishika nikiwa nakunja foronya, inabidi nikae chini kidogo.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, masikio hayapo, mengine salama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Nimeenda mahakamani. Dirisha la kwanza nikaambiwa hapa ni faini. La pili, ardhi. La tatu karani alichoka kupaza sauti, akaniandikia: "Mzee, chini ya ngazi." Huko chini ya ngazi kuna meza ya msaada wa sheria, na dada mmoja wa miwani. Si wakili, ni msaidizi tu, na hamtozi mtu kitu. Meza yake inayumba mguu mmoja. Nikamwambia nitautengeneza, akasema kwanza tutengeneze kesi.

Anasema hivi. Usikae kimya, kwa sababu ukikaa kimya mahakama itaendelea bila wewe. Andika majibu kabla ya siku zilizotajwa kwenye wito, useme unataka kumlea mwanao na utamlea vipi. Weka cheti chake cha kuzaliwa, barua ya mwajiri wako, na barua ya hiyo shule kwamba nafasi ipo. Omba na nakala ya kila kitu alichopeleka mwenzio, ni haki yako. Halafu usijaze matusi, hata yale anayostahili. Hakimu hatazami nani amekosewa zaidi, anatazama mtoto atakuwa salama wapi.

Chiriku ameng'oka jino la mbele na bado hanyamazi. Jumamosi aliniuliza kwa nini mbao zina macho. Nikamwambia ni ya kumwangalia yeye asiguse gundi. Akagusa.

Baba yako


Tarehe 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Majibu nimeyapeleka kama dada alivyosema, na nakala nilizoomba zimefika jana.

Kuna karatasi ya mwaka jana inaitwa Makubaliano ya Familia. Inasema upande wa mke umeridhia mtoto alelewe na baba yake hadi atakapokuwa mtu mzima. Chini kuna sahihi ya baba mkwe wangu, na chini ya hiyo kuna yako.

Nimeitazama mpaka macho yameniuma. Ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule. Niambie wameighushi. Niambie walikudanganya kwamba ni orodha ya mchango wa mazishi ya mtu. Lolote utakaloniambia nitaliamini, baba, ila liseme upesi.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Sijui kama leo nina uso wa kuuliza hali yako. Nauliza hivyo hivyo. Hujambo?

Sahihi ni yangu.

Walikuja wazee watatu wa upande wa mumeo, tukaketi kwangu, tukanywa chai. Unajua mambo yetu: mkubwa akisaini, amesaini kwa ajili ya nyumba yake yote, na ugomvi umefungwa. Mumeo, aliyekuja nao, alisema ni ya kuleta amani tu, itakaa kabatini. Leo ningeweza kukuambia sikusikia vizuri walichosema, na ungekubali, maana masikio yangu yanajulikana mtaa mzima. Lakini macho yangu ni mazima, na nilisoma kila mstari.

Nilisaini kwa sababu nilimtaka hapa. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ilikuwa na sauti ya randa tu, halafu akaja huyu anayeongea mpaka na misumari. Nikawaza, mama yake akimchukua mimi nabaki na nani. Hilo ndilo nililoliita amani. Nilijua unavyomlilia mwanao, na bado nikashika kalamu. Nimekukosea, mwanangu, na sina pa kujificha.

Nimemweleza dada wa chini ya ngazi. Alivua miwani, akaifuta, kisha akasema babu hawezi kutoa ridhaa ya mama, ila karatasi ile itakuumiza isipopata mtu wa kuikana. Akanishauri niape kiapo cha maandishi kwamba hukuulizwa wala hukuambiwa. Akaniuliza, na sababu ya kusaini tuiandike? Nikamwambia andika yote. Nimeapa asubuhi hii. Ataisoma hakimu, ataisoma mumeo, watasoma na wale wazee waliokunywa chai yangu.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hujajibu, nami sidai jibu. Naandika ya kesi tu.

Itasikilizwa tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi. Uje mwenyewe, na cheti chenyewe, si nakala. Afisa ustawi wa jamii amekwenda kwa mumeo, akazungumza na mtoto peke yake, kisha akaja kwangu kuniuliza mengi kuhusu wewe. Nimemjibu ukweli, hata pale ukweli huo uliponihukumu mimi. Dada amekutafutia wakili wa kujitolea atakayesimama nawe. Fika siku moja kabla umwone.

Tangu kiapo kifike kwao, Chiriku haletwi tena. Jumamosi sita sasa. Sisemi ili unionee huruma, nasema kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Baba yako


Tarehe 3 Septemba

Mwanangu,

Hamjambo huko, wewe na mwanao? Kikohozi chake cha asubuhi kimeisha? Mimi naendelea.

Nilikuona mahakamani, umekonda. Hakimu aliposema mtoto atakaa kwako na likizo ataenda kwa baba yake, nilifurahi. Naapa nilifurahi, ingawa nilibaki kwenye benchi mpaka karani akaja kufunga mlango. Siku mlipoondoka gari lilipita mbele ya karakana, naye alinipungia dirishani. Halikusimama, na sikutegemea lisimame.

Juzi nilikwenda chini ya ngazi kumshukuru dada. Nikamuuliza, na babu naye ana mlango hapa? Akasema upo, babu anaweza kuomba mahakama imruhusu kumwona mjukuu wake. Akatoa fomu kwenye droo, akaniwekea kalamu juu yake. Nikamwambia airudishe. Nimeshatia sahihi kwenye karatasi moja juu ya mtoto huyu bila kukuuliza, sitatia ya pili.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Naomba nije kumwona. Ikiwa ni siku moja, siku moja inatosha. Ukitaka nikae nje, nitakaa nje. Ukisema hapana nitaelewa, na sitapeleka shauri popote, si mahakamani wala kwa wazee. Nimemkumbuka mpaka kazi inanishinda. Jana nimemkatia mtu mlango mfupi, sasa itabidi aingie ndani ameinama, na amelalamika sana. Na wewe nimekukumbuka, tena wewe kwa miaka mingi zaidi yake.

Baba yako


Tarehe 20 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na kikohozi kimeisha. Mwenzio wa karakana hajafunga mdomo tangu tufike, jirani akikutana nami ananipa pole.

Nina hasira na wewe, na sioni itakwisha lini. Nilipopata barua yako ya Machi nilisema kikulacho ki nguoni mwako, nikakaa na neno hilo majira yote ya mvua na ya baridi. Halafu wakili akaniambia bila kiapo chako huenda ningemkosa mtoto. Yote mawili ni kweli, baba, na mimi sijui niyaweke wapi. Siku ile ya kuondoka nilimwambia dereva asisimame. Nilijua ningeshuka.

Lakini miaka miwili nimeishi na hamu ya mtoto huyu. Nimeamka nayo, nimepiga nayo pasi, nimelala nayo, na walikuwepo watu ambao wangeimaliza kwa neno moja, wakanyamaza. Mimi siwezi kuwa mmoja wao.

Njoo. Hutakaa nje, jirani ameniazima godoro. Nitakusubiri kituoni siku ya mapumziko yangu, tarehe nne Oktoba. Tutazungumza mimi na wewe, na utanisikia hata kama itabidi nipige kelele.

Sijamwambia kwamba unakuja. Nikimwambia leo hatalala mpaka ufike, kwa hiyo usichelewe.

Mwanao