Mabunda Tisa Darini

Kwako Bishar,

Assalaam alaikum. Salamu ni wajibu, nami nimeutimiza. Afya yako siulizi, maana ile sauti uliyonirekodia kwenye simu ukiwa na wajomba ilikuwa ya mtu anayekula vizuri. Nakuandikia Kiswahili makusudi, kama mtu anayeiandikia ofisi, kwa sababu lugha ya nyumbani ingenilainisha. Na nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu, ukibanwa kidogo tu, mtandao wa Garissa hukatika.

Ulisema hivi: "Dekow hataki kuja. Eti nyumba yake lazima ipimwe joto! Kwani nyumba ina malaria?" Wajomba wakacheka. Mama alikuwepo, nilimsikia akikohoa. Yeye hakucheka.

Basi nikueleze kama mtu asiyejua, ingawa unajua. Huku Uingereza hupangishi nyumba bila cheti. Mpimaji anakuja, anakagua kuta, madirisha, dari na mashine ya kupashia joto, anaona nyumba inashikaje joto na inakula moto kiasi gani. Anatoa alama, kisha herufi. Chini ya E hupangishi mtu, na E inaanzia alama 39.

Mpango wangu ulikuwa umekamilika. Bosi alinikubalia likizo ya miezi sita bila mshahara. Nesi mmoja wa Meru, mwenye watoto wawili, angekaa kwangu miezi hiyo sita, kodi yake ilipie nyumba, nami niwe Garissa siku Mama anatolewa mtoto wa jicho. Miaka sita hajaniona. Aliniambia bandeji ikifunguliwa anataka uso wa kwanza uwe wangu.

Wasiwasi sikuwa nao. Ulipokuja kunitembelea nilinunua mabunda kumi na matatu ya sufi ya kutandika darini ili joto lisitoroke. Ukasema, "Niachie mimi, walaal, ndugu yangu. Mimi ni fundi." Siku kumi na moja ulipanda na tochi. Kila jioni ulishuka una nyuzi za sufi kichwani, nami nakuchemshia maji ya kuoga, nakuambia pole kwa kazi.

Mpimaji alikuwa mama mmoja mwembamba. Nilimwambia mlangoni, "Dari usihangaike nalo, kaka yangu mwenyewe alitandika." Akapanda. Kisha akaita: "Bwana, hebu panda uone."

Mabunda manne yalikuwa yametandikwa kuzunguka tundu la kupandia, mpaka pale jicho la mtu aliyechungulia linapofika. Nyuma yake, tisa ndani ya plastiki zake, yamepangwa kama kochi. Mkeka. Chupa ya chai. Waya wa kuchajia simu. Vijiti vya miraa vimekauka kama kuni.

"Huku juu anaishi mtu?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa fundi."

Akaandika bila kucheka. Afadhali angecheka.

Alama 34. Herufi F. Siku hiyohiyo nilikutumia ujumbe kwamba dari ndilo limeniangusha. Jibu lako likawa ile sauti, mbele ya wajomba.

Nesi alivumilia siku nane. "Kaka Dekow, mimi nisubiri, lakini hawa watoto watalala wapi?" Akahamia kwingine. Bosi naye akasema kama sina uhakika, likizo anampa mwenzangu, hawezi kukosa watu wawili ghalani.

Yale mabunda nimeyatandika mwenyewe. Kazi ya muda wa saa sita na nusu tu, mtu mmoja, na goti bovu. Wewe nilikupa siku kumi na moja. Mpimaji akarudi: 43, herufi E. Hesabu ni rahisi: alama tisa, mabunda tisa. Lakini nesi hayupo, likizo haipo, na Mama anapasuliwa mwezi ujao.

Ungeyauza ningekuelewa, mtu hupata shida akauza. Wewe ulilala juu yake. Kisha ukamwacha Mama aamini kwamba mwanawe anamkwepa.

Mkeo Halima nisalimie. Nyirinyiri yake, ile nyama ya kukaanga, imefika na namshukuru yeye peke yake. Mjomba Gedi, aliyecheka kuliko wote, mpe salamu na umwambie nyumba imepona. Watoto wako wabusu. Wao hawajapanda popote.

Mama usimpe salamu zangu. Mwendee, kaa chini mbele yake, umweleze kwa mdomo wako habari ya dari, bila wajomba na bila mzaha. Una muda mpaka Alhamisi baada ya barua hii kukufikia, na aliyekuletea ataniambia siku gani. Ijumaa, baada ya swala, nitampigia. Sitamwambia lolote. Nitamuuliza tu, "Hooyo, Bishar amekuja?" Kisha nitanyamaza, nisikie atakachojibu.

Mdogo wako, maana hilo halina namna,
Dekow