Mate Katika Kichupa

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, Karani wako, na leo naapa kukueleza kila kitu bila kuruka wala kupamba, hata yale yatakayoniaibisha. Naomba uimalize barua hii kabla hujashika kalamu.

Habari za huko kambini? Mgongo umepata nafuu, au greda bado linakutikisa? Dereva wa lori la vipuri alituambia kwamba barabara yenu imeshafika mtoni, na kwamba umekonda kidogo ila ukicheka bado unasikika ng'ambo. Tulifurahi sana. Sisi hapa ni wazima. Mama anaendelea kushona, ingawa siku hizi harufu ya mafuta ya cherehani inamtapisha. Mdogo wangu Vifungo ameng'oka jino la mbele, na amelihifadhi kwenye kopo la vifungo vyeupe, maana kwa hesabu yake hapo ndipo mahali pake.

Katika bahasha hii utakuta vitu vitatu: barua ya Mama, ambayo niliiandika mimi yeye akisema huku anapinda sketi za shule, fomu ya kliniki inayosubiri sahihi yako, na barua hii, ambayo Mama hajui kama ipo. Miaka yote nimeandika anachosema yeye na kumsomea unachojibu wewe, na sijawahi kuongeza hata nukta. Leo karani anasema la kwake.

Aliyokwambia Mama ni kweli. Ana mimba ya wiki kumi na tatu, na Mama Mdogo ndiye aliyempeleka kwenye ile kliniki mpya iliyo juu ya duka la dawa. Alikuwa amesikia kwamba pale wanapima damu ya mjamzito wakajua kama mtoto atakuwa na usonji, kama Vifungo. Alimwambia Mama kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwamba mmoja ni mtihani lakini wawili ni adhabu. Mama akaenda naye, akatoa damu. Baba, usimlaumu. Hukuwepo siku mwalimu mkuu wa shule ya pili alipomrudishia madaftari ya Vifungo, majalada yakiwa bado mapya. Hukuwepo sokoni mwanamke mmoja alipomvuta mwanawe mbali na Vifungo, kana kwamba usonji unaruka kama kiroboto. Mama amechoka hadi kwenye vidole.

Mara ya pili tulikwenda kliniki sote watatu, Mama, Vifungo na mimi, kwa sababu walitaka pia mate ya Vifungo wayalinganishe na damu ya Mama. Chumba chao kinanukia ndimu, lakini si ndimu ya kweli. Maua ni ya plastiki, na ukutani pana picha ya mtoto mchanga anayecheka, mkubwa kuliko mlango. Mshauri wao ni mwanamke mwenye sauti laini kama pamba. Hakumwita Vifungo kwa jina hata mara moja. Alimwita kesi ya kwanza. Alimpa peremende akiishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemlisha mbuzi asiye wake, kisha akajipaka mikononi dawa ya kuua vijidudu. Vifungo aliifungua ile peremende, akanipa mimi, akabaki na karatasi yake kwa kuwa inang'aa.

Mshauri alieleza kwamba kipimo hakisemi ndiyo wala hapana, kinataja uwezekano tu, na kwamba wapo watu wengi wenye alama hizo katika vinasaba vyao ambao hawana usonji kabisa. Hayo aliyasema mbio mbio, kama mwanafunzi anayesoma fungu asilolielewa. Kisha akapunguza mwendo, akamwinamia Mama, akamuuliza kama kweli nyumba yetu ingeweza kubeba wa pili kama huyu. Aliuliza hivyo Vifungo akiwa ameketi karibu na goti lake! Baba, mwanamke yule hakutumia neno hata moja chafu. Kutoa mimba anakuita kuepusha, na mtoto anamwita matokeo. Lakini mimi nilisikia kinyaa kama mtu aliyeuma tunda zuri akakuta nusu ya funza.

Unamjua Vifungo: akiyapenda maneno, huyabeba. Yale aliyabeba. Kwenye ngazi ikawa wa pili kama huyu, njia nzima wa pili kama huyu. Nyumbani alikaa chini kupanga vifungo vya bluu, na kila alipoweka kimoja akasema wa pili kama huyu, kwa sauti ile ile ya mshauri. Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Ndipo Vifungo akainua kichwa, akatangaza kwamba sindano inakufa. Mama aliposimamisha mashine akakuta sindano ina ufa karibu na tundu. Hii ni mara ya nne mwaka huu anaisikia kabla haijakatika. Jambo hilo hakuna fomu iliyoliuliza.

Majibu yalitoka Jumatatu, pamoja na ile fomu ya kukubali kuepusha, ambayo inataka sahihi yako. Karatasi inasema kwamba alama zilizoonekana katika mate ya mtoto mwenye usonji zimeonekana pia kwa aliye tumboni, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa. Mama aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mkasi mkubwa, akaendelea kushona. Sketi ile aliishona upande wa ndani ukiwa nje, na hakugundua mpaka alipofika kiunoni. Mama Mdogo akasema si alishasema. Akanitazama, akasikitika kwamba watoto hawakatwi kwa kielelezo kama nguo, maana angechukua cha Karani, wa kwanza darasani kila muhula, akakata wengine kumi. Mama akanishika kichwa. Mimi nilikimbilia uani nikatapika. Wakadhani nina malaria.

Sasa Baba, sikia kwa nini nilitapika.

Kule kliniki Vifungo alikataa kutema mate. Wewe unakumbuka alivyokuwa akitema kila mahali, na jinsi nilivyomfundisha mwaka mzima, kwa picha nilizochora na kuzibandika mlangoni, kwamba hatutemi mate. Alijifunza. Basi mtu mzima mwenye koti jeupe alipomsogezea kichupa na kumwamuru ateme, Vifungo aliziba mdomo kwa mikono miwili, akalia, akaanza kujipiga kichwa. Mpokezi akacheka, akasema hata kutema mate ni hesabu ngumu kwake. Hakujua kwamba alikuwa anamcheka mtoto kwa kuwa mtiifu. Tukapewa kichupa tukijaze nyumbani, na Mama akanikabidhi mimi, kwa sababu mimi ndiye Vifungo anayenisikiliza.

Sikumwomba hata mara moja. Nilijifungia chooni nikatema mate yangu mwenyewe mpaka kwenye mstari. Nilibandika karatasi yenye jina lake, nikampa Mama, naye akanisifu kwa uvumilivu.

Kwa hiyo alama walizoziona ni zangu. Mtoto aliye tumboni hakufanana na kesi ya kwanza. Amefanana na mimi. Labda Vifungo naye anazo alama hizo, labda hana. Hakuna aliyempima.

Nilijiambia kwamba namwepusha Vifungo na kilio. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, nami nimeapa. Nusu ya pili ni hii: niliamini kwamba mate yangu ni safi, kwamba wakiyapima hawataona kitu, karatasi itarudi nyeupe, na mtoto atapona. Nilijiona mjanja kuliko kliniki nzima. Kumbe nilikuwa nimeketi benchi moja na yule mshauri. Nami nilimshika mdogo wangu kwa ncha za vidole viwili. Kinyaa nilichokuwa nacho juu yao kimenirudia chote, na sijui pa kukimwaga.

Lori linaondoka kesho asubuhi, na bahasha nitampa dereva mkononi. Likishakata kona, nitamwambia Mama yote. Nimeuchagua utaratibu huo makusudi, ili woga usipate nafasi ya kunifanya niichomoe barua hii. Sijui atanichapa au atalia. Lakini ninalo tumaini, na nitakwambia limetoka wapi. Jana Vifungo alisugua kopo tupu la maziwa mpaka likang'aa, akaliweka kwenye rafu pembeni ya makopo yake. Nilimuuliza ni la nani. Akanijibu kwamba ni la wa pili kama huyu, akacheka na pengo lake. Baba, wiki zote hizi sisi tumeyasikia maneno yale kama matusi, na yeye aliyasikia kama habari njema.

Wasalimie wenzako wa greda, na mwambie mpishi wenu asikupunguzie. Salamu za Mama zimo katika barua yake. Vifungo anakutumia kifungo kimoja cha shaba ukae nacho mfukoni, ila anakitaka kirudi. Nimeweka bahasha nyingine yenye stempu, endapo dereva atachelewa.

Mimi mwanao,
Karani

Nimekuachia mistari mitupu hapa chini, Baba, unijibu kwa mkono wako na lori hilo hilo: karatasi kama ile, na fomu kama hii, zingekufikia miaka kumi na minne iliyopita, kabla sijazaliwa, ungetia sahihi?