Zawadi ya Kaka Imenizimia Sauti Darasani

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nina shukrani nyingi mpaka zimenifunga mdomo. Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi, nafundisha sayansi kwa lugha ya alama, na kaka yangu ni seremala, ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa wazazi walipofariki, akaacha shule ili mimi nisome, basi mwezi uliopita akasikia nimechaguliwa kufundisha somo la mfano mbele ya walimu wa shule nyingine, akaja na boksi kalifunga kwa kitambaa, ndani mna projekta ndogo ya LED inayoenea kiganjani, akasema, "Mdogo wangu, sasa hutachora tena moyo kwa chaki," nami nikalia.

Lakini darasa langu lina madirisha makubwa pande mbili, nilipoiwasha ukutani hapakuonekana kitu, nikafunga mapazia, nikazima taa, ndipo moyo ukatokea vizuri kabisa na mishipa yake, nikaanza kueleza, nikafika mbali, nikashangaa hakuna anayeitikia, mpaka binti mmoja wa dawati la mbele akainuka, akawasha taa mwenyewe, akaniambia kwa mikono: "Mwalimu, ukizima taa hatukusikii."

Miaka kumi na mmoja nawafundisha, nikasahau kwamba mikono yangu ndiyo sauti yangu.

Sasa mwalimu mkuu anataka nichague projekta ya shule kabla ya siku ya somo, wauzaji wananitajia balbu, LED, leza, kichwa kinazunguka, na kaka kila akipiga simu anauliza kama mashine inafanya kazi, nami namjibu inang'aa, na siku hiyo atafunga karakana aje kuniona. Nikichagua nyingine ataona nimeitupa zawadi yake. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mikono

*

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara mbili, na nakushukuru kwa kuileta. Huyo binti nisalimie sana.

Sasa nikugombeze kidogo. Umemdanganya mtu aliyeacha dawati lake ili wewe upate lako. Najua hukuwa na nia mbaya, ila uongo wa kumfurahisha mtu nao ni uongo, na huu wako utaumbuka mbele ya wageni.

Tuanze na mashine. Usichague kwa jina, chagua kwa chumba. Chako lazima kibaki na mwanga, kwa hiyo muuzaji mwulize kwanza mwangaza wake, ambao hupimwa kwa lumeni, na usishuke chini ya elfu nne. Za kiganjani, kama hiyo yako ya LED, hazifiki huko. Ya balbu ni nafuu na inaweza kutosha, ila balbu hufifia na kuisha. Ya leza hudumu miaka mingi bila kuguswa. Shule ikiimudu, chukua hiyo. Halafu kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza: wewe utasimama wapi? Tafuta inayorusha picha kutoka karibu na ukuta, iwekwe juu, mwanga usikupige machoni wala kivuli cha mikono yako kisifunike picha. Kabla ya kununua, ijaribu darasani saa sita mchana, mapazia wazi. Waamuzi wawe watoto.

Kaka yako usimwambie kwa simu. Mwite darasani, washa mashine yake, zima taa, mweleze jambo kwa mikono. Akishindwa kukuona, washa taa umpe maneno ya yule binti. Seremala anajua msumeno mzuri unaweza usifae ubao fulani, hatanuna. Mshukuru mbele ya watoto, na umshukuru kweli, kwa sababu bila zawadi yake mtoto yule asingekufundisha lile somo. Ile ndogo ikae sebuleni kwako, itawafaa kwa picha za familia. Na rafu ya kuwekea projekta mpya mwombe yeye aitengeneze.

Ila fanya hivyo wiki hii. Mtu anayekupenda kiasi hicho asiujue ukweli siku ile ile ya somo, pamoja na wageni.