Wimbo wa Neema Umegoma Kuingia kwenye Simu

Jumatatu, 8 Septemba

Zege tangu asubuhi. Kalavati la barabara hapa Gwata haliishi. Saa tisa nimeomba ruhusa, msimamizi akanuna. Nikaenda Mlandizi kwa Dada Mwana, yule anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Ijumaa nilimpelekea wimbo niliouimba mwenyewe, auondolee kelele za upepo. Kaziondoa. Leo ilikuwa kuutoa kwenye kompyuta na kuurudisha kwenye simu. Basi.

Simu haionekani kwenye kompyuta. Inachaji tu. Dada Mwana kasema waya wangu ni wa kuchajia, haupitishi kitu kingine. Wa kwake, tuliotumia Ijumaa, umekatika. Nimerudi mikono mitupu.

Binti yangu Neema anaolewa Jumamosi, kwetu Iramba. Kwenye ukoo wetu baba ndiye anayemwimbia binti akitoka nyumbani. Asipoimba, binti katoka kama mpangaji. Siwezi kwenda. Nikitoka hapa siku tatu, mtu mwingine kashika koleo langu. Kijijini mtandao wa kupokea wimbo haupo. Kwa hiyo lazima memori kadi yenye wimbo ipande basi Alhamisi asubuhi.

Jumanne, 9 Septemba

Waya mpya. Simu imeonekana. Nikafurahi kama mjinga.

Wimbo ukaenda nusu ukasimama. Simu imejaa. Dada Mwana kaniuliza, "Mzee wangu, huna kadi humu?" Nikasema sina. Nimedanganya. Kadi ipo, nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya begi, kambini. Shomari, wa Kisarawe, tunayechanganya naye zege, alinionya tulipokuwa kazi ya Kurui: "Mjomba, kompyuta za vibandani zina virusi. Ukiwapa kadi, umeizika." Kambi nzima tunafanya hivyo. Tunakwenda na simu, kadi tunaacha. Niliona wimbo uingie kwanza kwenye simu, halafu nitauhamishia kwenye kadi mwenyewe.

Nikakaa kwenye benchi nafuta nyimbo. Zote alizoniwekea mwezi uliopita. Kidole kimekufa ganzi. Nafasi ikapatikana. Akachomeka tena, nyimbo zote zikarudi.

Zimerudi! Kasema kompyuta inalinganisha. Ikiona simu imepungukiwa, inajaza. Nikamwambia iambie sitaki. Kacheka. Mimi sikucheka. Akaanza kutafuta pa kuzima huko kulinganisha, umeme ukakatika.

Nimechoka. Nimebeba zege miaka kumi na moja, halijawahi kurudi kwenye ndoo.

Jumatano, 10 Septemba

Msimamizi kasema nikiondoka tena mapema nisirudi. Nimeondoka.

Njiani nimejisema sana. Naogopa virusi nisivyoviona, na binti yangu anaondoka bila wimbo. Nimekwenda na kadi.

Dada Mwana kaitazama, kanitazama mimi.

"Jana si ulisema huna?"

"Nilikuwa nayo nyumbani."

"Mzee, umenikalisha siku mbili nahangaika na mashine kwa sababu unaniogopa?"

Aibu. Akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaikagua kadi mbele yangu. Safi. Akazima ule mtindo wa kulinganisha. Wimbo umeingia hata sijamaliza kukohoa. Tukausikiliza wote wawili. Kaniambia, "Kumbe unaimba."

Alhamisi, 11 Septemba

Kadi ndani ya kiberiti kitupu, kiberiti ndani ya bahasha, jina la shemeji juu. Konda wa basi la Singida kauliza ndani kuna nini. Nikasema sauti. Kaniona mlevi. Kaichukua.

Nimechelewa kazini. Msimamizi hakunifukuza, kanipa kuchimba mtaro peke yangu. Sawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Shemeji kaipokea stendi asubuhi. Kasema tu, "Imefika." Hakusema inafanya kazi. Nimempigia mara sita, hapatikani. Shomari kanitania, "Mjomba, acha, utaivunja hiyo simu kabla ya harusi." Nimemtukana. Nimemwomba radhi saa ya chakula.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nane mke wangu kapiga. Hakusalimia. Akanyoosha simu.

Spika, vigelegele, halafu mimi. Nilisimama kwenye mtaro na udongo mpaka magotini. Shomari akazima mashine ya zege bila kuambiwa. Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Neema akaja kwenye simu, akasema, "Shikamoo baba, nimetoka." Nikasema marahaba mwanangu.

Simu ikakatika. Sauti yangu iko nyumbani. Shomari akawasha mashine.