Udongo Mweusi wa Kitangari

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeokota korosho tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Mikono inanuka mabibo, sabuni haifui dafu. Shamba la Shemeji Saidi, mdogo wa mume wangu Baba Neema, ni safi kuliko sebule yangu. Chini ya kila mkorosho pamefagiwa, majani yamekusanywa na kuchomwa. Huku Kitangari shamba lenye majani chini ni aibu ya ukoo mzima. Na kweli, korosho ikidondoka pasafi unaiona mara moja.

Wakati wa chai Saidi ametoa lake. Anataka kufyeka kichaka cha marehemu baba yao kinachopakana na shamba, akichome kabla ya mvua, apande mikorosho ya wanawe wawili wanaotaka kuoa. Kichaka hakijaguswa tangu yeye hajaingia jandoni. Nimempigia Baba Neema, yuko dukani kwake Masasi. Anasema tutakalokubaliana mimi na mdogo wake, yeye ameridhia. Raha ya kuwa mbali hiyo. Mzigo nimeubeba mimi, mwalimu wa jiografia, mtu wa kuja kutoka Singida.

Vijana wana haki ya kupata mashamba. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeingia kichakani na jembe. Miaka yote hii sijawahi, kwa kuogopa nyoka.

Hatua chache tu na jua likapotea. Ubaridi. Majani yamelaliana mpaka mguu unazama. Nikachimba. Udongo mweusi, laini, una unyevu, na mvua tumeisahau tangu masika. Mizizi imeshonana, jembe linagoma. Nikaendelea hadi shimo likanifika magotini, bado rangi ni ya kahawa.

Nikavuka kinjia, nikachimba shambani. Wekundu mtupu tangu juu. Mkavu, unachuruzika vidoleni. Ardhi moja, mvua moja, katikati ni kinjia cha mtu mmoja.

Nimelifundisha hili kwa chaki tangu nianze kazi. Mti unavuta hewa ya ukaa, unaijengea mwili. Jani linaanguka, mzizi unakufa, udongo unaiweka. Wanafunzi wanaandika, nami nasahihisha. Leo nimeishika mkononi. Nilikaa chini pale kama mjinga, nikaogopa kidogo, sijui naogopa nini.

Jumanne, 7 Oktoba

Baada ya vipindi nimekaanga udongo. Ndiyo, nimekaanga. Kikaango cha chuma kilichovunjika mpini, jiko la mkaa limepamba moto, udongo wa kichakani ndani. Saidi alipita kuchukua jembe lake, akanicheka, akauliza kama Singida hiyo ndiyo mboga yetu. Nikamwambia akae aone.

Ulitoa moshi. Harufu ya nywele zilizoungua. Nikakoroga, nikakoroga, nikapepea. Halafu weusi ukaanza kuondoka. Kwanza pembeni, kisha wote. Kilichobaki kikaangoni ni mchanga mwekundu, mwekundu uleule wa shambani kwake. Tukauweka pembeni ya udongo wa shamba. Huwezi kutofautisha.

Saidi hakucheka tena. Aliutazama ule mchanga, akatazama juu moshi ulikopotelea.

"Kwa hiyo baba alituwekea hewa," alisema.

Sikuwahi kupata mwanafunzi aliyenijibu hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saidi amekuja mwenyewe. Kichaka kibaki. Wanawe wapewe mapengo ya mikorosho mizee iliyokufa shambani, na miche waliyootesha itakayobaki itasubiri kivulini hadi lipatikane eneo. Vijana wamenuna. Mkubwa ameniamkia shikamoo ya kuvutwa na winchi. Si kitu. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatano, 15 Oktoba

Moto.

Saidi alifagia chini ya mikorosho ya mwisho, ile ya kando ya kichaka, akachoma rundo la majani. Kama kila mwaka. Akafukia kwa mchanga, akaenda kuswali adhuhuri. Hakuna ubaya wowote alioukusudia. Usafi tu. Upepo ukafanya mengine.

Huku kwetu maji tunanunua kwa dumu, hakuna aliyeyafikiria. Tulipiga moto kwa matawi mabichi na mchanga. Walikuja majirani na wanafunzi wangu, na wale vijana walionuna walikuwa mbele kuliko wote. Saidi aliungua nyusi. Magharibi moto ulisimama, nusu ya kichaka imekwenda.

Nimelia. Nina hasira na Saidi, nami nampenda, na naona aibu kwa yote mawili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hakuna mwali popote. Lakini ardhi inafuka. Moto umeshuka, unakula mizizi chini kwa chini. Nilipoweka kiganja, udongo ulikuwa wa moto kama chapati. Unatokeza moshi hapa, unanyamaza, unatokeza kule. Nilidhani najua kilichohifadhiwa mle. Sikujua hata robo.

Tunafukua na kuzima kwa zamu.

Jumapili, 26 Oktoba

Kimya. Ardhi imepoa.

Nimekwenda na Saidi kutazama. Majivu, na chini ya majivu wekundu. Upande wa pili kichaka kimesimama, kina giza lake, ndege wamo. Wanawe walitufuata na majembe na ile miche. Mkubwa akasema kwa upole kwamba basi, kazi ya kufyeka imeshafanyika, na pasipopandwa ni hasara mara mbili. Anayosema yana akili.

Saidi aliniuliza ule weusi utarudi lini. Nikamwambia ukweli, mimi na yeye hatutauona.

Kisha akawaambia wanawe warudishe miche kivulini.

"Hapa pana mwenyewe," alisema. "Hajazaliwa bado."

Wakaibeba. Mchana tulikula wote ugali na kisamvu.